Farasi wana vitabu vyao. Mchimbaji anangoja nini?

Huku kwetu Lemera farasi hatuna. Mzigo unaposhuka toka milimani kuelekea bonde la Ruzizi, unashuka juu ya mgongo wa mtu. Ukibahatika kukuta njia nzuri kidogo, unapakiwa kwenye moto. Basi msomaji asishangae akiona leo tunaanza na habari ya farasi, tena vitabu vya farasi. Tutarudi shimoni, na hatutachelewa.

Kule London, mwaka 1926, bwana mmoja aitwaye Joseph Allen alianzisha biashara ndogo ya vitabu. Duka lake lilikuwa Lower Grosvenor Place, si mbali na mazizi ya farasi wa mfalme wa Uingereza. Biashara hiyo, J. A. Allen, ilijulikana kwa kitu kimoja tu: farasi na kupanda farasi. Kuuza vitabu na kuvichapisha pia. Namna ya kumfundisha farasi mchanga. Namna ya kuweka tandiko lisimchubue mgongo. Namna ya kumtazama kwato na kujua kama anaumwa. Nani anunue vitabu vya namna hiyo? Wapanda farasi, watunzaji wa mazizi, wahunzi wa viatu vya farasi, wazazi ambao mtoto wao anataka kujifunza. Watu wa kazi moja. Na hao walitosha. Biashara ile ilisimama zaidi ya miaka 70, mpaka mwaka 1999 iliponunuliwa na nyumba nyingine ya vitabu, Robert Hale, na baadaye jina likaingia kwa Crowood Press. Mwenye duka amekwisha kufa zamani, duka limefungwa, lakini vitabu vyenye jina lile bado vinatoka.

Juu ya nini tunalileta jambo hili mbele ya wachimbaji wa Kamituga, wa Misisi, wa Luhwindja na wa milima yetu hii? Kwa sababu linatufundisha kwamba kitabu hakihitaji nchi nzima ili kiishi. Kinahitaji watu wa kazi moja wanaosema: hiki ni chetu, kinatusaidia, tutakinunua, tena kikichakaa tutanunua kingine.

Tuwaulize sasa: sisi tuko wachimbaji wangapi hapa mashariki ya Kongo? Tuhesabu anayepiga nyundo ndani ya shimo, anayetoa udongo, anayesafisha mchanga, mama wa kutwanga mawe ambaye watu wanamwita «twangaise», mbebaji, negosian, na watoto wote wanaokula kwa kazi hiyo. Ni watu wengi kupita wapanda farasi wa London. Lakini kitabu chetu kiko wapi? Kitabu kimoja tu, cha Kiswahili chetu, ambacho mtu anaweza kutia mfukoni na kusoma jioni, kinachosema shimo linasimama namna gani na linaanguka namna gani?

Hakionekani. Na hapo ndipo shida yenyewe.

Tazameni tofauti. Mwaka 1877 ofisa mmoja Mwingereza, Captain M. Horace Hayes, alitoa kitabu cha magonjwa ya farasi kwa ajili ya watu wanaofuga farasi. Alipokufa, wengine wakakishika, wakakirekebisha, wakakitoa tena na tena, mpaka karne hii ya 21. Zaidi ya miaka 100 kitabu kimoja kinafanyiwa marekebisho ili mgongo wa farasi usiumie, ili mapafu yake yasijae vumbi, ili mtu ajue uzito gani unamtosha na saa gani apumzike. Sasa kijana wa kwetu anabeba mfuko wa kasiterite ao wa udongo wa zahabu, anapanda nao na kushuka nao, mvua na jua. Nani amemwandikia ukurasa mmoja juu ya mgongo wake? Mama anatwanga mawe toka asubuhi, vumbi jeupe kwenye nyusi na kwenye kitambaa cha mtoto aliyefungwa mgongoni. Nani amemwandikia kwamba vumbi lile linaingia kwenye mapafu na halitoki, na kwamba kumwagia jiwe maji kabla ya kulitwanga kunapunguza vumbi?

Msituelewe vibaya. Farasi tunamtakia mema. Tunachosema ni hiki: kama mnyama anaweza kuwa na maktaba, mtu hawezi kukosa hata daftari.

Tena farasi huyo si mgeni wa mgodi. Katika migodi ya makaa ya Uingereza farasi wadogo walikuwa wakivuta vigari chini ya ardhi. Kufikia mwaka 1913 walikuwa karibu 70,000. Wengine walikaa chini kwa miaka, hawaoni jua. Watu wakapiga kelele, na sheria ya migodi ya makaa ya mwaka 1911 ikaweka masharti ya farasi: asishuke mgodini kabla ya kufika miaka minne, farasi kipofu asifanyishwe kazi, awe na zizi linalofaa, awepo mtu wa kuwatunza, na habari zao ziandikwe kila siku kwenye daftari. Soma tena hilo la mwisho, ndugu msomaji. Kila siku, kwenye daftari.

Kwenye mashimo yetu, ni nani anaandika kila siku walioingia ni wangapi na waliotoka ni wangapi? Sehemu zingine wanajaribu. Sehemu nyingi shimo linapobomoka, watu wanaanza kuulizana: fulani alikuwa ndani? Yaya yake anasema alimwona asubuhi. Rafiki anasema hapana, alikwenda kunywa chai. Wanachimba bila kujua wanamtafuta mtu mmoja ao watu watano.

Wachimbaji wa Uingereza walikuwa na neno la uchungu. Walisema ajali ikitokea, tajiri anauliza kwanza habari ya farasi. Kwa nini? Farasi alinunuliwa kwa pesa. Akifa, tajiri amepata hasara, anatakiwa kununua mwingine. Mtu akifa, kesho asubuhi mwingine amesimama mlangoni anaomba kazi.

Hapo tunafikia kiini cha maneno yetu. Farasi ameandikiwa vitabu vingi kwa sababu yupo mwenye mali anayeogopa hasara. Sisi hakuna aliyetununua, na tunamshukuru Mungu. Lakini maana yake ni hii: hakuna tajiri atakayeamka asubuhi na kusema, nataka kitabu cha kuulinda mgongo wa mchimbaji, juu akivunjika nitapata hasara. PDG wa shimo akikosa mbebaji mmoja, atapata wawili. Comptoir inajali uzito wa mfuko, haijali mgongo uliouleta. Kama kitabu cha mchimbaji kitakuwapo, kitatoka kwa mchimbaji mwenyewe na jamaa yake. Hakuna mlango mwingine.

Mtu atasema: si kweli kwamba vitabu vyote vinatoka kwa hofu ya hasara. Ni kweli. Mwaka ule ule wa 1877, katika mji wa Norwich, mama mmoja mgonjwa aitwaye Anna Sewell alitoa kitabu Black Beauty, ambacho farasi mwenyewe ndiye anayesimulia maisha yake: bwana mwema, bwana mkali, mzigo mzito, hatamu iliyokazwa mpaka shingo inauma. Mama huyo tangu ujana alikuwa na shida ya kutembea, na gari la farasi ndilo lilikuwa miguu yake. Alipata pesa kidogo tu kwa kazi hiyo, na mwaka uliofuata, 1878, akafa. Lakini kitabu kilitembea dunia nzima, na kiliwasaidia sana waliokuwa wakipigana ili ile hatamu ya kukaza shingo iachwe. Ona nguvu ya kumpa anayebeba mzigo nafasi ya kusema «mimi». Hata farasi amepewa. Mbebaji wa milima yetu ana kinywa na akili, lakini habari zake zinaandikwa siku zote kwa «wao»: wanachimba, wanakufa, wanavuruga mazingira, wanatumikishwa.

Sisi wa Lemera tunalijua jambo hilo zaidi ya wengine. Jina la kijiji chetu limo kwenye vitabu vya dunia. Limo kwa sababu ya hospitali ambako daktari Denis Mukwege alifanya kazi zamani, kabla ya Panzi na kabla ya tuzo ya Nobel ya mwaka 2018. Limo kwa sababu ya tarehe 6 Oktoba 1996, wagonjwa walipouawa vitandani mwao. Limo kwa sababu ya mapatano ya AFDL ya mwezi ule ule, yaliyopewa jina letu. Mtu wa Paris ao wa Brussels anaweza kusoma neno Lemera mara kumi bila kukutana na mtu mmoja wa Lemera anayesema mwenyewe. Wageni wameandika, na wengine wameandika vizuri. Lakini mtu akikuandikia jina lako maisha yako yote, mwisho unasahau kushika kalamu.

Wenye shule wanakumbuka Germinal ya Émile Zola, ya mwaka 1885, ambayo wengi wetu tulikutana nayo kwenye masomo ya Kifaransa. Ndani ya mgodi ule wa makaa kuna farasi wawili, Bataille na Trompette. Maji yanapoingia mgodini, Bataille anakimbia gizani akitafuta njia mpaka anakufa. Wanafunzi wanasoma mahali pale wanahurumia farasi. Tarehe 11 Septemba 2020, pale Kamituga, kwenye mashimo ya Detroit, mvua kubwa ilijaza maji, na makumi ya vijana hawakutoka. Ile haikuwa hadithi ya Zola. Miaka imepita. Je, iko wapi karatasi, ya lugha tunayosema shimoni, inayomweleza kijana wa leo maji yalipitia wapi, ishara gani zilionekana, na mtu afanye nini anaposikia mvua juu naye yuko chini? Wazee wa kazi wanajua. Wanajua harufu ya udongo ulioshiba maji. Wanajua mlio wa mti unaotaka kuvunjika. Lakini mzee akifa, anakwenda na mlio ule.

Si kwamba nchi hii haijawahi kuwa na maandishi ya migodi. Katanga, Union Minière ilianzisha gazeti la Mwana Shaba mwaka 1957 kwa ajili ya wafanyakazi wake, na Gécamines ikaliendeleza. Wazee wa Lubumbashi na Likasi wanalikumbuka vizuri. Lakini lilikuwa gazeti la kampuni: bwana anasema, mfanyakazi anasoma. Kwetu Kivu ilikuwapo MGL, halafu SOMINKI toka mwaka 1976, na SOMINKI nayo ikaisha mwaka 1997. Kampuni hizo zilikuwa na mainjinia, ramani na vipimo. Mtu aliyerudi kwenye mashimo yale na nyundo yake peke yake, nani alimpa ramani? Tangu serikali ilipofungulia watu wa kawaida kuchimba, mwaka 1982, vizazi viwili vimejifunza kazi kwa macho na kwa mazishi.

Basi tufanye nini? Tunapendekeza kitu kidogo, kidogo kweli, kama duka lile la London: nyumba ndogo ya kuchapisha vitabu vya mchimbaji na vya jamaa ya mchimbaji, bila kuchanganya kazi nyingine. Isianze kutoa mashairi ya siasa leo na kalenda za harusi kesho. Anayechapisha kila kitu hana anayemngoja. Aliyeshika kitu kimoja, watu wa kitu hicho wanajua mlango wake.

Sheria ya migodi, baada ya kurekebishwa mwaka 2018, inataka wachimbaji wadogo wawe ndani ya kooperative. Kooperative nyingi zinakusanya pesa. Wanachama wanaulizana zinakwenda wapi. Tuseme kooperative tano ao sita zinaweka sehemu ndogo pamoja. Kitabu cha kwanza kiwe chembamba, kurasa 40 ao 50, chenye michoro mingi, herufi kubwa, ganda lisiloogopa matope. Kihusu kitu kimoja: shimo. Namna ya kulitegemeza kwa miti, hewa, maji, daftari la kuingia na kutoka. Kiandikwe na watu watatu wakiwa meza moja: mchimbaji mzee, injinia ao mtu wa SAEMAPE, na mwalimu anayejua kuandika Kiswahili ambacho mama sokoni hataomba atafsiriwe. Cha pili kihusu mwili: mgongo, mapafu, na zebaki ile tunaita merkire, ambayo watu wanaichomea jikoni karibu na chungu cha watoto. Cha tatu kihusu karatasi na mizani: kadi ya mchimbaji ni nini, etiketi ya mfuko inafanya kazi gani, kodi gani iko ndani ya sheria na gani ni ya mwenye bunduki tu, na mtu asome namna gani mizani ya negosian asiibiwe.

Na kiuzwe. Hapo wengine watatukasirikia. Watasema: maskini mnawauzia vitabu? Ndiyo, kwa bei ya chupa moja ya bia, isizidi. Vile vijitabu vya bure tumeviona. Projet inakuja na gari, inagawa karatasi nzuri zenye rangi, mara nyingi kwa Kifaransa cha ofisini, picha inapigwa, projet inaisha. Mwaka unaofuata sheria imebadilika na karatasi haikubadilika. Mama wa karanga anafungia karanga zake. Cha bure hakina mtu wa kukijibia. Kitabu kinachouzwa kina mwenyewe: kikidanganya, mchimbaji anakirudisha na kusema, «Papa, hapa mulikosa, ule muti haushikake namna hii.» Na anayechapisha lazima arekebishe, juu asipofanya hivyo, cha pili hakitanunuliwa. Ndivyo kile kitabu cha magonjwa ya farasi kilivyoishi zaidi ya miaka 100: kilirekebishwa kwa sababu kilikuwa na wateja.

Watasema tena: watu wetu hawasomi. Tunaomba wanaosema hivyo waingie nyumba kumi hapa Lemera siku ya Posho jioni. Watakuta kitabu cha nyimbo kimefungwa ndani ya plastiki, kimeshonwa kwa uzi mgongoni, kina majina ya baba na ya babu. Mtu hanunui kitabu asichokitumia. Anachokitumia anakinunua, anakitunza, na anakirithisha. Na asiyejua kusoma ana mtoto anayejua. Mtoto akimsomea baba yake jioni ukurasa wa miti ya shimo, faida ni mbili: baba amejua, na mtoto ameona kwamba masomo yake yana kazi nyumbani.

Watasema mwisho: simu zipo, radio ipo. Zipo, na zitumike. Lakini simu inataka umeme na mega, na radio ikisema imesema. Shimoni hakuna reseau. Kitabu kinangoja mahali ulipokiacha.

Hatujadanganyika kwamba kitabu kinazuia mlima kuanguka. Kitabu hakiondoi mwenye bunduki barabarani, wala hakipandishi bei ya zahabu. Sheria ile ya 1911 haikumaliza uchungu wa farasi wa migodini pia; ilichukua miaka mingi, na wa mwisho walistaafu mwishoni mwa karne ya 20. Lakini tangu siku ile farasi alikuwa na daftari, na mwenye daftari hawezi kupotea kimya.

Kwa hiyo ombi letu si kwa Kinshasa wala kwa wazungu. Ni kwa viongozi wa kooperative, kwa walimu wanaolalamika kwamba hawana wasomaji, kwa makanisa yenye mashine za kuchapa, kwa mama watwangaji ambao likelemba yao inalipa matanga kila mara: toeni mzunguko mmoja wa likelemba kwa kitabu cha kwanza, kabla ya matanga mengine. Wazee wa shimo wakingali hai, tuwakalishe, tuwape chai, tuandike wanachosema. Mzee mmoja akiandikwa leo, kijana mmoja anaweza kusikia mlio wa mti na kutoka nje mapema.

Farasi hakuomba kitabu. Aliandikiwa na waliomhitaji. Sisi tunahitajiana. Tuandikiane.